Spea Kabla ya Helikopta: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama

Kwa Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama, Dodoma.

Nakala: Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, Mamlaka ya Mapato, Idara ya Forodha, Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Yah: Vipuri vya helikopta nzito za mizigo na mlango wake wa Dar es Salaam

Waheshimiwa,

Siku ya gwaride wananchi hutazama juu. Helikopta zikipita, watoto hupunga mikono na simu huinuliwa kupiga picha. Sanduku la chuma lililobeba beringi halipati watazamaji, wala karatasi iliyobandikwa ubavuni mwake kueleza beringi hiyo ilitengenezwa lini, imefanya kazi saa ngapi na nani aliifungua mara ya mwisho. Barua hii inalihusu sanduku hilo. Inatoka Dar es Salaam, mji ambao bandari yake huihudumia Tanzania pamoja na Zambia, Kongo, Malawi, Rwanda, Burundi na Uganda. Ombi lake kubwa ni moja: pendekezo lolote la kununua, kukodi au kupokea kwa msaada helikopta nzito za mizigo lisivuke meza ya Kamati hii kabla mpango wa vipuri vyake haujawekwa hapo, ukiwa na fedha yake, karatasi zake na njia yake ya kupita bandarini.

Haja ya mashine hizo ipo, na si ya kubishaniwa. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini, barabara kuu ya kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na mabasi na malori yakakwama kwa siku kadhaa. Wiki chache kabla ya hapo, Aprili 25, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa ameliambia Bunge kwamba mvua za El Niño zimeua watu 155 na kuwaathiri zaidi ya 200,000. Desemba 3, 2023, tope na mawe ya Mlima Hanang yalikuwa yameufunika mji wa Katesh. Mahali kama hapo mtambo wa kusafisha maji, vipande vya daraja la chuma au kijiko kidogo cha kuchimbia vinahitajika leo, na barabara ya kuvifikisha haipo.

Helikopta ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Mi-26 ya Kirusi, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 14, 1977, hubeba tani 20, tumboni au kwa kuning'iniza. Chinook ya Marekani, iliyoanza kuruka Septemba 1961, ina rota mbili zenye mapanga matatu kila moja, na matoleo yake ya sasa hubeba karibu nusu ya mzigo huo. Mashine za daraja hili ni chache duniani, na ni ghali kuzinunua na ghali zaidi kuziweka hewani.

Na kuna Semuliki. Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania kule Semuliki, eneo la Beni, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa kwa saa nyingi. Wanajeshi 15 wa JWTZ waliuawa, 43 walijeruhiwa na mmoja hakuonekana. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwanzoni mwa 2018 ulieleza kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka nguvu ya ziada na kuwaondoa waliozingirwa. Ulitaja pia upungufu wa nyenzo muhimu: anga, uhandisi na intelijensia. Familia zilizopokea majeneza yale zina haki ya kuuliza, kila helikopta mpya inapotajwa bungeni, kama itakuwa inaruka siku itakapoitwa.

Swali hilo Uganda iliulizwa mapema, na jibu lake limehifadhiwa kwenye kumbukumbu za tume. Mwaka 1998 jeshi la nchi hiyo lilipokea Mi-24 mbili kutoka Belarus, kati ya nne zilizoagizwa kupitia dalali, kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni 12. Zilikuwa mtumba. Mkataba ulitaka zifanyiwe ukarabati mkubwa kabla ya kuondoka kwa muuzaji. Zilipofika Entebbe mafundi walikuta ukarabati huo haukufanyika na ndege hazifai kuruka. Mwaka 2001 tume iliyoongozwa na Jaji Julia Sebutinde, ambaye baadaye alikwenda kukaa katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, ilichimbua biashara hiyo kwa undani. Kinachokumbukwa zaidi ni habari za kamisheni na waliozipokea. Kwa Kamati ya Bunge inayosoma barua hii, kuna jambo zito kuliko hilo: fedha zililipwa kabla fundi mwenye mamlaka ya kukataa hajafungua kitabu cha kila injini na kila gia boksi na kukilinganisha na chuma kilichokuwa mbele yake.

Ni kweli Mi-24 ni ya kushambulia, haibebi mizigo mizito. Lakini injini yake, TV3-117, ndiyo iliyofungwa pia kwenye matoleo ya baadaye ya Mi-8 na kwenye Mi-17, helikopta za uchukuzi zilizotapakaa Afrika Mashariki kuliko aina nyingine yoyote ya kijeshi. Kosa lililofanyika kwa moja linaweza kurudiwa kwa nyingine kesho asubuhi.

Waheshimiwa, spea ya helikopta nzito ni nini hasa? Chukueni gia boksi kuu ya Mi-26. Inapokea nguvu za injini mbili, kila moja ikitoa zaidi ya farasi 11,000, na kuzigeuza kuwa mzunguko wa polepole wa mapanga manane yenye kipenyo cha mita 32. Peke yake ina uzito wa zaidi ya tani 3. Chinook inazo gia boksi tano zilizounganishwa kwa mashafti, maana rota zake mbili zinapishana juu ya mgongo wake na hazina ruhusa ya kukosana hata kidogo. Kila gia, kila shafti, kila panga lina namba yake na umri wake, unaohesabiwa kwa saa za kuruka na mara nyingi kwa miaka pia. Mipira na mabomba yake huandikwa tarehe ya kutengenezwa, kwa kuwa mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Saa zikiisha, sehemu hutolewa, iwe inang'aa au haing'ai.

Vitu vidogo ndivyo hutisha zaidi. Agosti 2022 Jeshi la Marekani lilisimamisha Chinook zake zote, takribani 400, baada ya baadhi ya injini kushika moto. Chanzo kilichotajwa na mtengenezaji wa injini, Honeywell, kilikuwa oringi zisizokidhi vipimo vyake, zilizofungwa wakati wa ukarabati kwenye karakana ya jeshi lenyewe. Hakuna aliyekufa. Kundi zima la helikopta kubwa za jeshi tajiri kuliko yote duniani lilishushwa chini na duara la mpira ambalo fundi hulishika kwa vidole viwili. Miaka 40 kabla ya hapo, Septemba 11, 1982, Chinook ilianguka Mannheim, Ujerumani, kwenye maonyesho ya ndege, na watu 46 wakafa, wengi wao wanamiavuli. Wachunguzi walikuta njia za mafuta ya gia boksi zimezibwa na chembe za maganda ya jozi, ambayo mafundi walikuwa wakiyatumia kusafishia. Usafi uliofanywa kwa nia njema, kwa kitu kisichofaa, ukaua.

Norway ilikuja kuonyesha upande wa pili, yaani kumbukumbu njema zinafanya kazi gani. Aprili 29, 2016, helikopta aina ya H225, mashine ya uchukuzi inayotumiwa na majeshi na kampuni za mafuta, ilipoteza rota yake karibu na kisiwa cha Turøy, na wote 13 waliokuwamo wakafa. Gia moja ndani ya gia boksi ilikuwa imepasuka kwa uchovu wa chuma. Kwa kuwa kila kipande kilikuwa na namba na historia, wachunguzi waliifuatilia gia boksi ile hadi Australia, ambako mwaka mmoja kabla lori lililokuwa limeibeba lilipata ajali barabarani. Ilikuwa imerudishwa kiwandani, ikakaguliwa na kuruhusiwa tena. Ripoti ya mwisho haikusema ajali ya lori ndiyo iliyoua. Ila lori lile lilikuwepo kwenye maandishi, na wachunguzi waliweza kulipima kama chanzo. Fikirini sanduku kama lile likidondoshwa na kreni gatini hapa kwetu usiku, wapakuaji wakalisimamisha tena wakaendelea na kazi. Nani angeandika? Angeandika wapi?

Swali hilo linaelekezwa moja kwa moja bandarini. Tangu 2024 gati namba 0 hadi 7 zinaendeshwa na DP World, kwa mkataba uliosainiwa Oktoba 2023, na kitengo cha makontena cha gati 8 hadi 11 kipo chini ya kampuni yenye mkono wa Adani. Mitambo imeongezeka. Lakini bandari ya makontena imepangwa kwa ajili ya kontena, na vipuri hivi si rafiki wa kontena. Panga la Mi-26 linaizidi kwa urefu kontena ya futi 40. Gia boksi husafiri ndani ya pipa la chuma lililofungwa lisipitishe hewa, likiwa na vifuko vya kunyonya unyevu, kidirisha chenye karatasi inayobadilika rangi unyevu ukiingia, na vibandiko vinavyoonyesha kama mzigo umegongwa. Pipa hilo likikaa wiki tatu juani Kurasini kwa sababu hati moja haijasomana na nyingine kwenye mfumo wa forodha, joto la mchana na chumvi ya bahari vinafanya kazi yao kimyakimya. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inatoa msamaha wa kodi kwa vifaa vya majeshi ya nchi wanachama. Msamaha huo haufupishi foleni hata kwa siku moja, na kwenye spea za ndege siku ndiyo gharama kubwa kuliko ushuru.

Pwani hii ina historia ndefu na jambo hili, ndefu kuliko helikopta zenyewe. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar, kisha mitambo yake yenyewe ikaharibika na ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Ilikuwa na mizinga na mabaharia. Ilichokosa ni mahali pa kutengenezea mtambo wake wa mvuke. Sehemu zilizoharibika zikafunguliwa na kuburutwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, kwa mikono na migongo ya watu wa nchi hii ambao majina yao hayakuandikwa, na baada ya kutengenezwa zikaburutwa tena kurudi Rufiji.

Waingereza nao walileta ndege za kuitafuta, na wao pia wakashikwa na spea. Rubani H. D. Cutler alifika na ndege ya kutua majini iliyochemka kwenye joto la Novemba, na rejeta mbadala ikapatikana Mombasa, ikitolewa kwenye gari aina ya Ford. Ndege nyingine walizoleta mwanzoni mwa 1915, aina ya Sopwith, ziliachia gundi kwa unyevu wa pwani kabla hazijafanya kazi ya maana. Königsberg ilizamishwa Julai 11, 1915. Wajerumani wakaitoa mizinga yake majini, wakaifanyia kazi katika karakana za Dar es Salaam, wakapigana nayo nchi kavu karibu na mbali. Mmoja wapo umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na mjumbe yeyote wa Kamati anaweza kwenda kuugusa.

Karakana ya Dar es Salaam, kwa maneno mengine, ilirefusha vita ya manowari ambayo haikuweza tena kutoka mtoni. Huo ndio uzito wa fundi na kipuri.

Meli nyingine inafaa kutajwa hapa. Mei 25, 1982, katika vita vya Falklands, makombora yaliipiga Atlantic Conveyor, meli ya makontena iliyogeuzwa ya kijeshi, na Chinook tatu zikaungua humo pamoja na spea, zana na vitabu vya mafundi. Chinook moja, iliyojulikana kwa jina la Bravo November, ilikuwa hewani wakati ule. Ilifanya kazi hadi mwisho wa vita bila stoo nyuma yake: wanajeshi karibu 1,500, majeruhi 95, mateka 650 na tani 550 za mizigo. Waingereza wanaisimulia kwa fahari, na wana haki. Ila waliopanga vita vile hawakupanga hivyo. Majeshi yao yalitembea kwa miguu kuvuka kisiwa kwa sababu helikopta zilizokusudiwa kuwabeba zilikuwa baharini. Nchi inayopanga kuishi kwa bahati ya Bravo November itakuja kuwatembeza vijana wake.

Hivi sasa kuna hatari mpya ambayo haikuwepo miaka 15 iliyopita. Mi-26 huundwa Rostov, Urusi. Injini zake, D-136, zilitengenezwa Zaporizhzhia, Ukraine, katika kiwanda cha Motor Sich, na TV3-117 za Mi-8, Mi-17 na Mi-24 zilitoka hapohapo kwa maelfu. Kuanzia 2014 nchi hizo mbili ziliacha kuuziana vifaa vya kijeshi. Tangu Februari 24, 2022, zinapigana vita kamili, na Novemba 2022 serikali ya Ukraine iliichukua Motor Sich chini ya mamlaka ya vita. Urusi inatengeneza VK-2500 kule St Petersburg kwa ajili ya helikopta za kati, na kwa Mi-26 imekuwa ikihangaika na injini mpya. Vikwazo vya kibenki navyo vimeongeza ugumu wa kulipia chochote kinachotoka huko. Yeyote atakayekuja Dodoma na bei nzuri ya helikopta ya ukoo huo aulizwe kwanza injini ya pili, ya tatu na ya nne zitatoka wapi, na nani atasaini cheti chake.

Maana pale njia halali inapoziba, njia ya pembeni hufunguka. Wakazi wa Kariakoo wanaijua biashara hiyo kuliko wataalamu wengi. Kuanzia Mtaa wa Msimbazi kushuka Gerezani, hadi Shaurimoyo, mteja akitaja spea huulizwa anataka ipi: orijino, ya Dubai, ya China au mtumba wa Japani. Ni soko lenye maarifa ya kuheshimiwa. Muuzaji hutambua beringi ya Fuso kwa kuipima mkononi, na fundi wa Gerezani huweza kuchonga shafti ambayo kiwanda kiliacha kuitoa. Mwenye daladala akichagua ya bei nafuu ikakatika Ubungo, abiria watateremka na kupanda gari jingine. Uchaguzi huo ni wake, na anaujua. Kwenye helikopta iliyobeba watu 40 na tani 8 juu ya mto uliofurika, uchaguzi huo haupo. Hakuna daraja la pili la ubora, na hakuna mahali pa kuegesha.

Anga za kiraia zimeshalipa kwa somo hilo. Septemba 8, 1989, ndege ya kampuni ya Partnair ilianguka baharini ikitoka Norway, watu wote 55 wakafa, na kwenye pezi la mkia wachunguzi wakakuta boliti bandia. Mwaka 2023 ikagundulika kwamba vipuri vilivyouzwa na kampuni iitwayo AOG Technics, ya London, vya injini zinazobeba Boeing 737 na Airbus A320 za kila siku, vilikuwa na vyeti vya kughushi. Watengenezaji wa injini hizo walisema huenda injini 126 ziliguswa. London ni mji wenye mamlaka kali za anga. Kama karatasi ya uongo ilipita huko, haifai mtu kudhani kuwa haiwezi kufika Dar es Salaam.

Na hapa ndipo pana tundu ambalo Kamati hii, na Kamati hii tu, inaweza kuliziba. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania hukagua karakana na vipuri vya ndege za kiraia. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 3, unaziweka ndege za jeshi, forodha na polisi nje ya utaratibu huo. Ndege ya jeshi hukaguliwa na jeshi. Uingereza ilikuwa hivyo hivyo hadi Septemba 2, 2006, ndege yake ya Nimrod ilipolipuka angani Afghanistan na kuua watu 14. Wakili Charles Haddon-Cave alichunguza, na ripoti yake ya Oktoba 2009 ilikuwa kali kwa wote, wakiwemo waliokuwa wakitia sahihi hati za usalama bila kuzichunguza. Mwaka uliofuata ikaundwa mamlaka ya kijeshi ya usalama wa kuruka, inayosimama kando ya wanaotaka ndege iruke leo.

Uingereza hiyohiyo, isionekane kama mwalimu asiye na doa, iliagiza Chinook nane za toleo la Mk3 mwaka 1995 kwa takribani pauni milioni 259. Zilipofika mwaka 2001 hazikuweza kuidhinishwa, kwa kuwa wanunuzi hawakuwa wamepata haki ya kuchunguza programu za kompyuta zinazoendesha vyombo vyake. Zikawekwa bandani kwa miaka. Chuma kilikuwa kizima, mapanga mazima, injini mpya. Kilichokosekana kwenye mkataba ni maarifa ya ndani.

Tanzania nayo imeonja ladha hiyo kwenye ndege za abiria. Mwaka 2022 Airbus A220 za ATCL ziliegeshwa kwa matatizo ya injini zake za Pratt & Whitney, tatizo lililozikumba pia kampuni za nchi nyingine, na injini za akiba zikawa haba duniani kote. Mtu akiwa na ndege chache, moja ikilala chini ni hasara ya safari. Kwa helikopta za uokoaji hasara hiyo huhesabiwa kwa watu.

Barua hii haiombi kuambiwa idadi ya ndege za jeshi wala zilipo. Siri hizo zina sababu zake, na Kamati ina utaratibu wa vikao vya faragha. Kanuni za kununua na kutunza hazihitaji siri.

Kinachoombwa kwanza ni fungu la vipuri linalosimama peke yake, lililopigiwa hesabu ya maisha yote ya mashine, ambalo haliwezi kuhamishiwa mafuta au safari mwaka ukiwa mgumu. Stoo ikianza kukauka, mafundi hawana njia ila kuichinja ndege moja ili nyingine iruke, na ndege ikishachinjwa mara chache hufufuka. Afrika Kusini, ambayo helikopta zake za Oryx zilitumika bega kwa bega na vijana wetu katika FIB, brigedi ya Umoja wa Mataifa huko Kongo, imeshuhudia sehemu kubwa ya helikopta hizo zikibaki chini kwa kukosa matengenezo na vipuri, huku kiwanda chake cha Denel kikizama kwenye madeni. Hiyo ni nchi iliyozitengeneza yenyewe.

Kisha, Kamati iitake Wizara kuunda ofisi ya usalama wa kuruka wa ndege za jeshi yenye mamlaka ya kukataa, isiyowajibika kwa wanaopanga safari wala kwa wanaonunua, na ikae karibu na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa mafunzo na kubadilishana taarifa za vyeti bandia. Wahandisi wa kuijaza wapo, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, tayari kinafundisha matengenezo ya ndege hapa Dar es Salaam.

Bandarini, ombi ni dogo na linawezekana ndani ya mwaka mmoja. Liwepo banda lenye paa na kipimo cha unyevu kwa vipuri vya anga, vya kijeshi na vya kiraia kwa pamoja. Pawepo afisa wa forodha aliyefunzwa kusoma cheti cha kuachia kipuri, ajue hati ya kawaida inavyoonekana na namba gani zinapaswa kulingana, na daftari ambamo kila sanduku lililoanguka, kugongwa au kukaa juani huandikwa siku hiyohiyo, bila aliyeandika kuogopa kufukuzwa. Wapakuaji wajue kwamba kuripoti kishindo ni sehemu ya kazi yao na hakuna atakayewakata mshahara kwa ajili hiyo.

Na kama hesabu zitaonyesha kuwa gharama hizi ni kubwa mno kwa mashine mbili au tatu, basi nchi isione aibu kukodi. Umoja wa Mataifa hukodi helikopta nzito pamoja na marubani, mafundi na spea zake, na hulipia saa zilizoruka. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza kufanya hivyo kwa msimu wa mvua, nchi kadhaa zikichangia mkataba mmoja, mashine zikikaa mahali zinapoweza kufika Rufiji, Budalangi nchini Kenya au Uvira nchini Kongo. Mafuriko hayafuati mipaka ya nchi, na hakuna sababu kila jeshi la kanda liwe na stoo yake isiyotosha.

Waheshimiwa, Bunge la Bajeti huanza Aprili. Kamati inaombwa kuliweka jambo hili kwenye ratiba kabla ya mwezi huo, kwenda gatini na kwenye karakana kuona kwa macho, na siku muuzaji wa helikopta atakapoomba kusikilizwa, kumwita kwanza fundi mkuu wa jeshi, akae mezani, aulizwe kama atazitunza, na jibu lake liandikwe kwenye taarifa rasmi ya kikao.